Spika za nyuma ziwekwe wapi?

*Mtaalamu, nimenunua mashine ya spika tano na besi moja huko Bukavu. Nyumbani Luhwindja, spika za nyuma nimezitundika juu kabisa. Filamu zinasikika kelele tupu na mabati yanatetemeka. Ninunue kubwa zaidi?*
*Msomaji, Luhwindja*

Ndugu, usinunue kitu bado. Kasoro inaelekea kuwa mahali, si ukubwa. Spika za nyuma kazi yake ni kukuzungushia mvua, magari na vishindo. Zikiwa karibu na bati, sauti inagonga na kurudi imevurugika. Zishushe: ziwe kandokando ya kiti, nyuma kidogo, zikipita kimo cha masikio kwa sentimita 30 hadi 60. Maneno ya waigizaji hutoka hasa kwenye spika ya kati, basi iweke chini ya televisheni, ielekee usoni. Besi iondoe kwenye kona. Kona huzidisha mngurumo. Pazia zito na mkeka husaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Siku ukibadilisha spika, soma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilizoandikwa nyuma ya mashine. Spika yenye omu chache kuliko hizo inaweza kuiunguza mashine. Na ukisikia mkwaruzo hata sauti ikiwa ndogo, au harufu ya kuungua, zima mashine, uipeleke kwa fundi.