SOMO LA BIOLOJI: NANI ANASHIKANA NA NANI?

Wandugu wanafunzi, tumesoma namna kromozomi zinagawanyika. Sasa tuulize: majani ya aina mbili yakioana, mbona mtoto wao mara nyingi hazai?

Tutwae ngano na rai, nafaka ya inchi za baridi. Zote ni jamaa moja na muhindi na mpunga. Ngano ya mkate iko na kromozomi 42, rai 14. Mtoto anapokea nusu kwa kila mzazi: 21 na 7, jumla 28. Wakati wa kufanya chavua, kila kromozomi inatafuta mwenzake. Kumbe mwenzake hayuko! Zinatawanyika ovyo, chavua inakufa. Tangu 1937 dawa ya kolkisini inatumiwa kuzidisha kromozomi mara mbili, ziwe 56. Hapo kila moja inapata mwenzake, nayo mimea inazaa. Ndiyo tritikale.

Lakini hata katika mtoto yule tasa, mara moja moja kromozomi mbili zinashikana. Ni nani na nani? Kama ni ngano na ngano, mkulima hapati kitu kipya. Kama ni ngano na rai, nguvu ya rai ya kuvumilia baridi na udongo mbaya inaweza kuingia katika ngano. Lakini katika mikroskopi zinafanana.

Hapo ADN ya kurudiarudia inasaidia. Ni kama kiitikio: ukikisikia tu, unajua ni wimbo gani. Rai iko na kiitikio cha herufi karibu 120, kinarudiwa mara nyingi sana, zaidi kwenye ncha za kromozomi. Watu wa elimu wanatwaa kipande cha kufanana nacho, ndicho sonda, wanakitia alama. Wanapasha kromozomi moto juu ya kioo, nyuzi mbili za ADN zinaachana, na sonda inanata mahali pake. Gall na Pardue walionyesha njia hii huko Marekani mwaka 1969, kwa alama za radioaktivi. Leo wanatumia rangi zenye kung'aa.

Kwa kutambua kromozomi hivi, imeonekana kwamba jeni Ph1 ya ngano ikikosekana, kushikana kunaongezeka, lakini zaidi ni ngano na ngano. Basi kuhesabu jozi tu haitoshi. Lazima tujue ni za nani.

Maulizo:
1. Ngano ya makaroni (28) ikioana na rai (14), mtoto atakuwa na kromozomi ngapi?
2. Na kisha kolkisini?
Mujibu katika daftari, tutasahihisha pamoja.