Masala ya Kununua Nyoka Aliyekamatwa Mwituni

Bismillahi Rahmani Rahim.

Twamshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu, na twamsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baadu:

Tumeletewa swali na kijana mmoja katika wahudhuriaji wa darsa yetu. Asema kuwa mtu amemwendea na kumwambia ana nyoka wa mchangani, majike, waliokamatwa karibuni huko bara, na bei yao ni rahisi. Amemshauri awanunue na kuwafuga, kisha watoto wao wauzwe kwa watu wa ng'ambo wapendao kuweka nyoka majumbani. Mama yake kijana huyu yu tayari kuuza vikuku vyake vya dhahabu ili mwanawe apate rasilimali. Auliza: je, biashara hii yafaa?

Swali hili si la mzaha, maana ndani yake mna mali ya mzazi, mna amana ya mnyama, na mna hukumu ya sharia. Basi tutalijibu kwa taratibu.

KWANZA: MNYAMA MWENYEWE

Nyoka aliyetajwa ni mfupi na mnene, mkia wake ni butu, na rangi yake ni ya machungwa yenye mabaka ya kahawia. Hana sumu. Kazi yake ni kujizika mchangani na kubakisha macho tu, akavizia panya na mijusi, akawakamata na kuwabana mpaka wafe. Hatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai. Apatikana Kenya, Tanzania, Somalia, Ethiopia, na hatta Misri.

Sasa jambo la kuzingatia ni hili. Huko Marekani na Ulaya nyoka huyu amefugwa miaka mingi, na wenye kumfuga wamemzalisha kizazi baada ya kizazi. Mtu wa huko akimtaka, ampata kwa jirani yake, aliyezaliwa ndani ya sanduku, aliyezoea mkono wa mtu na kula panya aliyekwisha kufa. Kwa nini basi anunue wa kutoka mbali, asiyejulikana umri wake wala maradhi yake? Amwambiaye kijana wetu kuwa soko liko tupu lamngoja yeye, amemficha nusu ya khabari.

PILI: NAFAKA ILIYOLOWA NDANI

Wengi wetu twaijua khabari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akaliona rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani akakuta unyevu. Juu palikuwa pakavu na ndani pamelowa. Akamkemea mwenye mali kwa kuificha aibu ile, akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika mwenendo wake. Khabari hii imo katika Sahihi ya Muslim.

Nyoka wa mwituni ni kama rundo lile. Kwa nje ang'aa na kupendeza. Lakini ukitia mkono ndani, wakuta mambo haya:

1. Kupe na utitiri chini ya magamba yake, na minyoo tumboni mwake. Mwituni huweza kuishi na wadudu hao kwa sababu yu huru. Akitiwa sandukuni, akadhoofika kwa hofu, wadudu humshinda. Tena huwaambukiza nyoka wengine waliokuwa wazima.

2. Kukataa kula. Nyoka aliyezoea kuvizia mawindo yake hamtambui panya aliyekufa kuwa ni chakula. Wako wanaofunga majuma na miezi, wakafa na njaa hali chakula ki mbele yao.

3. Umri usiojulikana. Huenda ukauziwa jike kwa ajili ya kuzalisha, kumbe amekwisha kuzeeka.

4. Mimba ya mwituni. Jike aliyekamatwa na mimba huzaa akiwa sandukuni, na muuzaji akawaita watoto wale kuwa ni "wa kufugwa". Huu ni udanganyifu mkubwa katika biashara hii. Mapatano ya mataifa juu ya biashara ya wanyama, yaitwayo CITES, yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, yana herufi mbalimbali za kuandikwa katika vibali: mnyama wa mwituni ana yake, na aliyezaliwa kwa wazazi waliofugwa ana yake. Kuandika moja mahali pa nyingine ni uwongo ulioandikwa, na uwongo ulioandikwa wadumu kuliko wa mdomo.

Si nyoka wetu peke yake. Huko Ghana, Togo na Benin yuko chatu mdogo ambaye akishikwa hujikunja akawa kama mpira, naye amechukuliwa mwituni kwa wingi mno kwenda kuuzwa ng'ambo. Na mwaka 2000 Marekani ilizuia kuingizwa aina tatu za kobe wa Afrika, kwa kuwa kupe waliokuja nao walikhofiwa kupeleka maradhi ya kuua ng'ombe. Tazama jinsi mnyama mmoja wa kuchezea awezavyo kuwa madhara kwa mfugaji asiyemjua kabisa.

TATU: HUKUMU KATIKA MADHEHEBU YETU

Katika sharti za kitu kinachouzwa, kwa mujibu wa Imamu Shafi, ni kuwa kitu hicho kiwe na manufaa yanayokubaliwa na sharia. Kwa hivyo Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa hausihi uuzaji wa wadudu na vitambaavyo, wala wa mnyama mkali asiye na manufaa. Nyoka, kwa asili yake, yumo humo. Tena katika baadhi ya riwaya za Muslim nyoka ametajwa miongoni mwa viumbe watano wenye udhia wanaoruhusiwa kuuawa hatta katika eneo la Haram. Na wako wanavyuoni wa madhehebu yetu waliosema kwamba hao hawafugwi.

Atasema mtu: "Mbona wanavyuoni wamejuzisha kuuza tausi kwa uzuri wa rangi yake? Na huyu nyoka ana rangi nzuri." Twajibu: ni kweli wamejuzisha tausi, lakini tausi hakuorodheshwa katika wenye udhia. Tena wamejuzisha kuuza ruba kwa kuwa hutumika kunyonya damu kwa matibabu. Kutokana na ruba twajifunza kuwa panapo manufaa ya kweli hukumu hugeuka. Basi mlango haukufungwa kabisa. Umewekewa bawabu, na bawabu huyo ni haja.

Atasema mwingine: "Ikiwa nyoka aruhusiwa kuuawa, ya nini kumsikitikia akifa na njaa?" Haya ni makosa makubwa. Ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha wema katika kila jambo, hatta katika kuua na kuchinja. Tena ametupa khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Nyoka akatazaye kula ndani ya sanduku hawezi kujitafutia. Aliyemfungia ndiye atakayeulizwa.

NNE: HAJA NI NINI, NA MCHEZO NI NINI

Haja yaonekana Watamu, ambako tangu mwaka 1980 pana mahali pafugwapo nyoka, palipoanzishwa na James Ashe aliyekuwa katika Makumbusho ya Nairobi. Hapo nyoka hukamuliwa sumu na watu hufundishwa namna ya kujilinda na kumsaidia aliyeumwa. Sumu ndiyo asili ya dawa yake: mnyama kama farasi hupigwa sindano ya sumu kidogo kidogo, mwili wake ukatengeneza kinga, na kinga hiyo ikatolewa damuni mwake kuwa dawa ya binadamu. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria kuwa watu baina ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Mwenye kumfuga nyoka kwa kazi hii, kwa ujuzi na kibali, hatumhesabu pamoja na mwenye kutaka pumbao.

Wala mtu asijidanganye kuwa ujuzi watosha kumlinda. Mwezi wa Septemba 1957, huko Chicago, Karl Schmidt, bingwa mkubwa wa elimu ya nyoka, aliletewa nyoka mchanga wa Afrika ili amtambue. Akaumwa kidoleni. Alidhani jeraha ni dogo, akaandika dalili zake moja baada ya moja, na siku ya pili akafa. Ikiwa hivi ndivyo kwa bingwa, je, mtoto wa nyumbani asiyejua kupambanua nyoka na nyoka? Hatta asiye na sumu huweza kubeba vijidudu vya salmonela, ambavyo ni hatari khasa kwa watoto wadogo na wazee.

TANO: SHERIA YA NCHI

Sheria ya Kenya ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kukamata, kufuga wala kufanya biashara ya wanyama wa mwituni bila ya kibali, na mwenye kutoa kibali ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Wala asiseme mtu: "Hiki ni kinyama kidogo, nani atakiangalia?" Mwaka 2025 watu wanne walihukumiwa Nairobi, kila mmoja kwa faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miezi 12, kwa ajili ya sisimizi! Ikiwa sisimizi wamekuwa kesi, nyoka hawezi kuwa siri.

SITA: HOJA YA MWISHO YA MUUZAJI

Muuzaji akishindwa kwa haya yote, husema: "Nyoka huyu amekwisha kukamatwa. Usipomnunua wewe, atakufa mikononi mwangu, au angaliuawa na mwenye shamba. Mnunue upate thawabu." Maneno haya yana sura ya huruma, lakini yapime. Fedha uitoayo si fidia ya nyoka yule. Ni ujira wa kukamatwa mwenziwe. Ukimnunua mmoja leo, kesho mkamataji atarudi mwituni kutafuta wawili. Na mwenye shamba la mahindi au minazi, aliyetolewa nyoka wake, atabaki na panya.

MUKHTASARI WA DARSA

1. Nyoka aliyekamatwa mwituni asinunuliwe kwa pumbao wala kwa kuzalisha kwa ajili ya kuuza. Manufaa yake ni madogo, na madhara yake yamefichwa.

2. Mwenye haja ya kweli, kama ya dawa au ya kufundisha, na aanze kwa kibali. Kisha aulize: amezaliwa wapi, lini, na kwa wazazi gani? Ala nini, na mbele ya macho yangu? Ampeleke kwa tabibu wa wanyama, na amtenge na wengine kwa muda wa miezi mitatu. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali haya, aachwe.

3. Mwenye kununua nyoka kwa ajili ya uganga, au kwa kuitakidi kuwa chatu huleta utajiri nyumbani, huyo amepita mpaka wa biashara mbaya na kuingia katika ubaya wa itikadi, nao ni mkubwa zaidi. Riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu peke yake.

4. Mali ya mzazi ni amana. Dhahabu ya mama haitiwi katika sanduku ambalo mwenye kuliuza hataki lifunguliwe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, iliyo wazi nje na ndani, na atujaalie huruma kwa kila alichokiumba.

Wallahu aalam.