ASKARI WALIPOMWULIZA YOHANA

Somo: Luka 3:10-14

Askari walimwendea Yohana wakamwuliza yawapasayo. Hakuwaambia watupe silaha zao. Aliwakataza kumdhulumu mtu na kumshitaki kwa uongo, akawaagiza watosheke na mshahara wao.

Agizo hilo lilijaribiwa katika nchi yetu tangu mwaka 1914 hata 1918. Wadachi na Waingereza walipigana, lakini wengi waliobeba bunduki na mizigo pande zote mbili walikuwa Waafrika, na Wasukuma na Wanyamwezi miongoni mwao. Askari wengine wa Wadachi walitekwa, kisha wakaandikwa katika jeshi la Waingereza, wakawapiga wenzao wa jana. Maisha yao yalikuwa safari ndefu, mvua, homa na kuhara. Wapagazi waliokufa kwa maradhi ni wengi kuliko waliopigwa risasi.

Tena mwenye njaa akiwa na bunduki hunyang'anya. Huko Ugogo majeshi yote mawili yalitwaa ng'ombe na nafaka. Mvua ilipokosekana, ikaja njaa iliyoitwa Mtunya, mwaka 1917 hata 1920. Mama aliyechukuliwa akiba ya watoto wake, bendera ya huyu na ya yule zilimfaa nini?

Basi tuone: dhambi ya askari haingoji siku ya mapigano, huanza ghalani mwa maskini. Na hapa Shishiyu, alindaye kijiji usiku, na apimaye pamba ya jirani, wamepewa nguvu juu ya mwenzao. Swali la askari ni letu pia.

Maswali:
1. Kwa nini Yohana alitaja mshahara?
2. Ni nani auogopaye mkono wako?