Alizeti: Hesabu Siku Kabla ya Kupanda

Kaya nyingi za wafugaji wa Singida, Dodoma na Manyara hulima alizeti. Mafuta huenda jikoni, na mashudu hulishwa ng'ombe wakati wa kiangazi malisho yanapopungua. Mashudu mengine husafirishwa hadi Dar es Salaam kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na kuku. Alizeti ikioza shambani, hasara humfikia hata mnywaji wa maziwa. Kinga huanza siku ya kupanda.

Mvua na jua

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Alizeti huhitaji unyevu tangu kuota hadi kujaza mbegu, kisha jua la kukausha vichwa.

Ukiwahi mno, vichwa hukomaa mvua zikiendelea. Maji hutuama kwenye kichwa, ukungu huingia hasa palipodonolewa na ndege au kutobolewa na wadudu, na kichwa huoza. Unyevu wa muda mrefu huleta pia madoa ya majani na kutu.

Ukichelewa mno, ukame hukuta maua. Mzizi wa alizeti huenda chini na huvumilia kiangazi kuliko mahindi, lakini ukame wakati wa maua huacha mapepe na mafuta kidogo.

Namna ya kuhesabu

Uliza mbegu yako hukomaa kwa siku ngapi, kisha hesabu kurudi nyuma kuanzia mwisho wa mvua za kwenu. Mfano: mbegu ya siku 110 iliyopandwa Januari 5 itakomaa Aprili 25. Maua yatapata mvua za Machi, na vichwa vitakauka kwa jua. Kanda ya kati, wengi hupanda kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Januari. Nyanda za juu kusini, ambako mvua hukawia kuisha, hupanda Januari hadi katikati ya Februari.

Kupunguza magonjwa

1. Panda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 ili upepo upite.
2. Usirudie alizeti shamba lilelile kila mwaka. Badilisha na mtama, uwele au mahindi.
3. Vuna mgongo wa kichwa unapogeuka kahawia.
4. Tenga vichwa vilivyooza na uvichome. Usivikamue wala usiwape mifugo.
5. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo.

Mashudu ya ng'ombe

Mbegu zenye ukungu hutoa mashudu yenye ukungu. Ukungu mwingine hutengeneza sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho, na kuchemsha hakuiondoi. Ng'ombe akiila, sehemu yake hutokea kwenye maziwa wanayokunywa watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliikuta katika baadhi ya mbegu na mashudu kutoka kwa wakamuaji wadogo nchini Tanzania.

Kabla ya kununua, fungua gunia na unuse hadi chini. Yakiwa na harufu ya uvundo, mabonge au rangi ya kijani, yaache. Lakini kwa kuwa sumu haionekani, nunua kwa mtu anayejua mbegu zilikaushwaje. Hifadhi magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Mvua za kwenu zikibadilika, hesabu upya na umwone afisa ugani kabla ya kununua mbegu.