SOMO LA AFYA: NDIMU, JUA NA NGOZI YETU

Leo tutajifunza juu ya kitu ambacho nyumba nyingi zinacho. Kitu hicho ni ndimu. Tunaikamulia kwenye samaki, kwenye supu na kwenye chai. Ndimu ni chakula kizuri. Lakini maji yake yakibaki juu ya ngozi, kisha ngozi hiyo ikapigwa na jua, mtu anaweza kuungua vibaya. Tena mtu mwingine anaweza kulaumiwa bure.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anakamua ndimu uani. Mtoto wake mdogo, kifua wazi, anakimbilia jikoni. Mama anamshika mgongoni kwa mikono yenye maji ya ndimu, anamwondoa motoni. Mtoto anaendelea kucheza juani. Siku hiyo hapana kitu. Kesho yake mgongo unauma. Keshokutwa yametoka malengelenge, tena yana umbo la vidole! Jirani anakuja.

"Dada, huyu mtoto umemchoma na nini?"

"Sijamchoma, shoga. Kaamka hivi hivi."

"Mtoto aamke na vidole mgongoni? Basi hapa kuna mkono wa mtu."

Mmoja atasema mama ni mkatili. Mwingine atasema mtoto karogwa. Wote wamekosea. Hata hospitalini, alama za namna hii zimewahi kudhaniwa kuwa ni za mtoto aliyeteswa. Basi tuone ukweli wake.

Ngozi imejengwa na nini?

Nyumba hujengwa kwa matofali. Ngozi imejengwa kwa vitu vidogo mno viitwavyo seli. Huwezi kuziona kwa macho matupu. Lakini tofali halina uhai, na seli za ngozi huzaliwa, hufanya kazi, na hufa. Ndani ya seli mna kitu mfano wa kitabu. Kitabu hicho kinaiambia seli ifanye kazi gani na izae vipi seli mpya. Wataalamu wanakiita vinasaba. Sisi tuliojifunza kusoma tunajua jambo moja: kurasa mbili zikigandana, kitabu hakisomeki.

Ndimu inafanya nini?

Watu wengi hudhani ni ule ukali wa ndimu unaochoma. Sivyo. Ndani ya ndimu, na zaidi katika ganda lake, mna kemikali ziitwazo furokumarini. Zikiwa gizani zinapenya kwenye ngozi na kutulia tu, kama kiberiti kisichowashwa. Jua ndilo linalowasha. Jua lina mwanga tunaouona, na lina miale mingine tusiyoiona. Miale hiyo isiyoonekana hupita hata kwenye mawingu na kwenye kioo cha dirisha. Ikizipiga kemikali hizo, zinapata nguvu. Hapo zinanata kwenye vinasaba kama gundi kati ya kurasa. Huharibu pia utando unaoizunguka seli.

Seli inajibu vipi?

Seli haikai kimya. Ina majibu matatu.

Kwanza, inajitengeneza. Inakata kipande kilichoharibika na kuweka kipya. Madhara yakiwa madogo, seli hupona na wewe hujui kitu.

Pili, madhara yakizidi, seli hufa. Nyingine hujiua yenyewe, ili isije ikazaa seli mbovu. Seli zinazokufa hutoa ishara. Mishipa midogo ya damu hutanuka, maji hujaa chini ya ngozi, na hapo tunaona malengelenge.

Tatu, seli zinazotengeneza rangi ya ngozi huongeza kazi. Ndiyo maana baada ya kidonda kupona hubaki doa jeusi. Doa hilo linaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi.

Kazi hizi zote huchukua muda. Moto huchoma papo hapo, lakini ndimu na jua huonekana baada ya siku moja hivi, na huzidi siku ya pili au ya tatu. Kwa hiyo watu husahau ile ndimu ya juzi na kutafuta mchawi.

Ugonjwa huu hauambukizi. Na usiseme, "Mimi mweusi, hautanipata." Rangi nyeusi hupunguza ukali wa jua, lakini haizuii yote. Wapo wanaojipaka ndimu usoni ili wawe weupe. Wakitoka juani wanaweza kupata malengelenge, halafu weusi kuliko mwanzo.

Nguvu hii inaweza kuponya

Tangu zamani watu wa bonde la Nile, nchini Misri, walitumia mmea wenye kemikali hizi pamoja na jua ili kutibu mbalanga. Katika miaka ya 1940 daktari wa Cairo, Abdel Monem El Mofty, aliwatibu wagonjwa kwa kemikali iliyotolewa katika mmea huo. Lakini daktari hupima dawa na hupima mwanga. Wewe usijaribu nyumbani.

Zipo pia dawa za hospitali zinazofanya ngozi iungue upesi juani. Mojawapo ni doksisaiklini. Ukipewa, usiiache bila kumwuliza mganga wa zahanati. Vaa nguo ya mikono mirefu na kofia, na ukae kivulini.

Tufanye nini?

1. Ukimaliza kukamua ndimu au limau, nawa kwa sabuni na maji mpaka kwenye viwiko. Ndipo umshike mtoto au uende shambani.

2. Maji ya ndimu yakimrukia mtoto, mwoshe kabla hajatoka juani.

3. Malengelenge yakitoka, usiyapasue. Weka kitambaa safi chenye maji baridi, na ufunike mahali hapo jua lisipige. Usipake ndimu, kinyesi cha ng'ombe wala dawa ya meno.

4. Kidonda kikiwa kikubwa, kikiwa usoni, kikitoa usaha, au mgonjwa akiwa mtoto mdogo, nenda zahanati. Mweleze mganga kwamba ulishika ndimu.

5. Kabla ya kumlaumu mtu, uliza: juzi tulikamua nini?

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini malengelenge hayatoki siku ile ile?
2. Seli ina majibu gani matatu?
3. Je, kijijini kwenu amewahi kulaumiwa mtu kwa alama kama hizi? Sasa mngemweleza nini aliyemlaumu?

Aliyesoma somo hili amsomee na jirani yake. Elimu ni mwanga, na mwanga huu hauunguzi.