Babu Alipiga Besi, Sasa Mikono Inatetemeka

Kijana wa kidato cha tatu kutoka Pito, jirani na mji wa Sumbawanga, ametuandikia barua. Jina lake tumelificha. Anasema babu yake mdogo alipiga gitaa la besi katika bendi ya dansi huko Dar es Salaam enzi zile za bendi. Sasa ana miaka zaidi ya 70 na amerudi nyumbani Ufipa. Kila asubuhi mikono inatetemeka mpaka anamwaga chai. Akipata gongo kidogo, mikono inatulia. Usiku halali, anakaa tu gizani. Gitaa lake limetundikwa ukutani na limebaki na nyuzi mbili. Majirani wanasema karogwa na wenzake wa bendi waliomwonea wivu.

Mwisho wa barua kijana anauliza: "Babu hunituma nikamnunulie. Niendelee au niache? Nikiacha, atakufa?"

Ndugu msomaji, swali hili si mchezo. Hebu twende nalo taratibu.

KAZI ILIVYOKUWA

Kwanza tumwelewe babu. Bendi nyingi za dansi za Tanzania zilikuwa za mashirika, vyama au majeshi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alilipwa mshahara kama karani. Wimbo ukipendwa nchi nzima, mshahara ni ule ule.

Na ofisi yake ilikuwa wapi? Baa! Dansi lilianza usiku, likaisha wengine wakiwa wamelala fofofo. Mteja aliyekunwa na gitaa hakuandika barua ya pongezi, alituma bia jukwaani. Fikiria miaka 20 ya kupongezwa hivyo, usiku baada ya usiku. Ungekuwa wewe, ungekataa chupa ya ngapi?

Sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA ilipitishwa mwaka 1999. Wengi wa enzi ile walikuwa wamekwisha kuzeeka au wamefariki. Marijani Rajab, yule waliyemwita Jabali la Muziki, alifariki mwaka 1995, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa akiuza kaseti ili aishi. Mzee Muhidin Gurumo alianza kuimba mwanzoni mwa miaka ya 1960 na akastaafu mwaka 2013. Alipostaafu, ni kijana wa Bongo Fleva, Diamond Platnumz, aliyempa gari. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Hatusemi kwamba wazee hawa walikuwa walevi, la hasha. Tunawataja ili uone uzee wa mwanamuziki ulivyo: jina kubwa, mfuko mtupu.

Tena kuna jambo ambalo halionekani. Mtu akiwa jukwaani mwili humwaga homoni ya adrenalini, moyo unakwenda mbio, watu mia wanamshangilia. Akizoea hivyo kwa miaka, kisha siku moja kukawa kimya, anaweza kuingia kwenye sonona. Sonona si huzuni ya siku mbili. Ni ugonjwa: usingizi unapotea, chakula hakina ladha, vitu alivyovipenda havimgusi tena. Gitaa linabaki ukutani na nyuzi mbili.

JE, NI UMASKINI TU?

Hapana. Angalia wapiga roki wa Ulaya, ambao fedha wanazo. Eric Clapton, mpiga gitaa wa Uingereza, alipita kwenye heroini, kisha pombe. Aliacha mwaka 1987, na mwaka 1998 akafungua kituo cha tiba ya uraibu katika kisiwa cha Antigua. Elton John aliacha pombe na kokeini mwaka 1990, baada ya kukubali kwenda kutibiwa. Ozzy Osbourne, aliyefariki mwaka 2025 akiwa na miaka 76, alipigana na pombe na dawa kwa miongo mingi, akaacha, akarudia, akaacha tena.

Mwaka 2016 watu 2,211 wanaofanya kazi za muziki Uingereza walijibu maswali ya utafiti kuhusu afya ya akili. Asilimia 71 walisema wamewahi kupata wasiwasi mkali au hofu ya ghafla. Ni kweli kwamba wenye matatizo ndio hupenda kujibu maswali kama hayo, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama sensa. Lakini si ndogo.

Jadilini darasani: kati ya usiku, sifa, pombe ya bure na kukosa pensheni, kipi kinaumiza zaidi? Kuna kazi gani nyingine hapa Rukwa inayofanana na hiyo?

AMEROGWA?

Sasa tuje kwenye mikono. Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu akinywa kila siku, ubongo hujitetea kwa kukanyaga mafuta zaidi ili ushindane na breki. Ndiyo maana mnywaji wa siku nyingi anahitaji chupa nyingi zaidi kuliko zamani. Huo ndio usugu. Pombe ikiondolewa ghafla, breki imetoka lakini mguu bado uko kwenye mafuta! Saa chache baadaye mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unadunda. Babu akiamka asubuhi, pombe ya jana imekwisha mwilini. Anachotafuta kwenye glasi ya kwanza si starehe tena, ni breki.

Ikizidi, katika siku mbili za mwanzo mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huanza kuweweseka: wanaona wadudu ukutani, wanasikia watu wanaowaita, hawajui wako wapi. Unaona uchawi unapoingilia? Wapo wanaosema jina Sumbawanga lenyewe maana yake ni "tupa uchawi". Basi mzee akipiga kelele usiku kwamba kuna watu dirishani, familia inamkimbilia mganga, na saa ambazo angetibiwa zinapita. Hali hii huua. Na dawa yake ipo hospitali.

Baridi je? Wengine watakuambia mzee anakunywa ili kujipasha moto, na baridi ya Ufipa sote tunaijua. Kumbe pombe hupanua mishipa ya ngozi, joto la mwili linatoka nje. Unajisikia moto huku unapoa.

Kwa mzee mambo ni mabaya zaidi. Mwili wake una maji machache kuliko wa kijana, hivyo glasi ile ile inakuwa kali zaidi kwenye damu. Kama anameza dawa za presha au kisukari, zinagongana na pombe. Na gongo hatujui limepikwaje. Likichanganyika na methanoli linaweza kupofusha au kuua.

Heroini nayo, ile ambayo vijana wa mjini huiita unga, ina arosto yake: maumivu, kuhara, kukosa usingizi. Mwanamuziki Ray C, ambaye bado hajawa mzee, alijitokeza hadharani mwaka 2012 na akasaidiwa kutibiwa. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011. Mgonjwa hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Baadaye huduma hiyo ilifika Mbeya pia.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Kijana wa Pito, kumnunulia babu gongo si kazi yako. Lakini usimwage pombe yake wala usiifiche. Umekwisha kuona kwa nini: kumkatisha ghafla nyumbani kunaweza kumuua. Mweleze baba, mama au shangazi yale uliyoyasoma hapa. Kama ni vigumu kwako, mwombe mwalimu unayemwamini akusaidie kuwaeleza. Watu wazima wampeleke hospitali ya mkoa pale Sumbawanga mjini, waulizie huduma ya afya ya akili. Wamwambie daktari kweli tupu: anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, mara ya mwisho saa ngapi. Wakisema "kidogo tu" kwa kuona aibu, watapewa dawa isiyotosha. Daktari anaweza kumpa dawa ya kutuliza ubongo kwa siku chache, akiipunguza polepole, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi huikosa.

Akianguka kifafa, akiona visivyokuwepo, au akishindwa kujua yuko wapi, msingoje kesho.

Na ile kukaa gizani usiku isipuuzwe. Akisema amechoka kuishi, mtu mzima aliye karibu naye amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa kuuliza, eti watamtia wazo hilo kichwani. Si kweli. Kuulizwa humpa nafasi ya kusema. Akikubali, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Atakaporudi kutoka hospitali atakuwa na jioni ndefu mbele yake, na hapo ndipo wengi huanguka tena. Muziki wenyewe haukumkosea babu. Kilichomkosea ni baa. Remmy Ongala alipata kiharusi mwaka 2001, akaacha dansi, lakini hakuacha kuimba. Alihamia nyimbo za Injili mpaka alipofariki mwaka 2010.

Besi ya kawaida ina nyuzi nne, kwa hiyo zinazokosekana ni mbili. Ulizia mjini, au mtume anayesafiri kwenda Mbeya. Kisha muombe babu akufundishe. Iwe alasiri, pembeni kuna chai. Mikono itatetemeka mwanzoni, wala usimcheke. Halafu tuandikie tena, utuambie daktari alisema nini.