Kanzu Haimfanyi Mtu Shehe: Maswali Kuhusu Nukta za Mpira wa Skwoshi

Anayeingia kwenye uwanja wa skwoshi kwa mara ya kwanza hushangazwa na mpira. Ni mdogo, mweusi, unaenea kiganjani, na una nukta moja au mbili za rangi. Akiudondosha sakafuni, unaruka kidogo na kutulia. Wengi hudhani wameuziwa mpira mbovu. Kumbe mpira ni mzima, ila si wa kwao. Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa sana na wanaoanza, na hata na waliokwisha kucheza miaka kadhaa.

Kwa nini mpira mpya haudundi?

Kwa sababu umetengenezwa uwe hivyo. Mpira wa skwoshi ni vipande viwili vya raba vilivyounganishwa kwa gundi, katikati mna hewa. Kila unapogonga ukuta unabonyea, kisha unarudia umbo lake, na sehemu ya nguvu uliyoupigia inabaki ndani ya raba ikiwa joto. Raba ikishapata moto hunyumbuka vizuri zaidi, na hewa iliyo ndani huusukuma mpira kutoka ndani kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo unapoanza kudunda.

Kanuni za kimataifa zinaonyesha tofauti hiyo kwa vipimo. Mpira wa mashindano ukidondoshwa kutoka kimo cha sentimita 254 ukiwa na joto la nyuzi 23 za Selsiasi, unatakiwa urudi juu kwa asilimia 12 au zaidi, yaani kama sentimita 30, chini ya goti la mtu mzima. Mpira huohuo ukiwa na nyuzi 45 hupanda hadi robo ya kimo hicho au kupita. Ndiyo maana kabla ya mechi wachezaji hupewa dakika chache za kupigiana mpira. Misuli yao inafaidika, lakini anayepashwa moto hasa ni mpira.

Nukta zina maana gani?

Zinaeleza kasi ya mpira, yaani unadunda kiasi gani na unakaa hewani muda gani. Hazielezi ubora. Kwa mipira ya Dunlop, inayotumika katika mashindano makubwa ya kulipwa, mpangilio ni huu:

- Njano mbili: ndio mpira wa mashindano. Una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 24 hivi. Hudunda kidogo kuliko yote minne.
- Njano moja: ukubwa ni uleule, lakini hukaa hewani muda mrefu zaidi kwa takribani asilimia 10.
- Nyekundu: ni mkubwa kidogo, na hukaa hewani zaidi kwa kama asilimia 20.
- Buluu: ndio mkubwa kuliko yote minne, na hukaa hewani zaidi kwa kama asilimia 40. Ni wa anayeshika raketi kwa mara ya kwanza.

Viwanda vingine vina rangi zao, na mipira ya zamani huwa na nukta nyeupe au za kijani. Ukikutana na rangi usiyoijua, soma maandishi ya kwenye boksi badala ya kubahatisha.

Nitajuaje upi unanifaa?

Usihesabu miaka uliyocheza. Uulize mpira wenyewe, kwa majaribio matatu.

La kwanza ni la kiganja. Cheza dakika 10, kisha uokote mpira na kuufumbata. Ukiwa na moto unaousikia waziwazi mkononi, mapigo yako yanautosha. Ukiwa vuguvugu, au umepoa kila mnapobishana kuhusu pointi, huo umekuzidi.

La pili ni la ukuta wa nyuma. Simama katikati ya uwanja, upige mpira kwa nguvu yako ya kawaida kwenye sehemu ya juu ya ukuta wa mbele, kisha uuache. Ukidunda mara moja ukafika nyuma vizuri, unafaa. Ukidunda mara mbili kabla hata ya kukaribia ukuta wa nyuma, shuka daraja.

La tatu ni la kuhesabu. Pigeni mpira kwa zamu na mhesabu mapigo kabla ya kosa. Kama mara nyingi hamvuki manne au matano, na mpira ndio unaofia kwenye kona, chukueni unaodunda zaidi. Mkianza kuona kila mpira unarudi katikati na mmoja wenu hawezi kumaliza pointi hata akipiga vizuri, ni wakati wa kupanda.

Mbona karibu kila mtu klabuni anatumia wa njano mbili?

Kwa sababu ndio unaoonekana kwenye televisheni, na mara nyingi ndio pekee uliopo dukani. Pia kuna aibu: mtu anaona akitoa mpira wa nukta nyekundu mfukoni atachekwa. Lakini kanzu haimfanyi mtu shehe, na nukta mbili hazimfanyi mtu bingwa.

Hasara ya kung'ang'ania mpira uliokuzidi ni kubwa kuliko aibu hiyo. Mpira baridi haupandi, kwa hiyo mchezaji anakimbilia mbele na kuinama kuuzoa karibu na sakafu. Hapati nafasi ya kusimama sawasawa, kugeuza bega na kuupiga kwa utulivu. Anajaribu kufidia kwa nguvu, mkono unakakamaa, na mbinu mbaya inageuka mazoea. Pointi zinaisha upesi, basi hata mazoezi ya mwili aliyoyafuata hayapati. Mpira unaodunda zaidi humpa nafasi ya kuufikia, na akiufikia atakimbia zaidi na kujifunza zaidi.

Je, mahali ninapochezea panabadilisha chochote?

Sana. Mchezaji wa Mombasa au Dar es Salaam anacheza usawa wa bahari, kwenye joto. Mpira wake unapata moto mapema na haupoi haraka. Mchezaji wa Nairobi yuko kwenye kimo cha takribani mita 1,700. Huko hewa ni nyepesi, haiuzuii mpira sana unapopita, na shinikizo la nje ni dogo kuliko lile lililofungiwa ndani ya mpira. Matokeo yake mpira ukishapata moto hudunda kuliko ungedunda pwani. Ndiyo sababu kuna mipira maalumu ya nyanda za juu, iliyopunguzwa mdundo.

Lakini Nairobi pia ina baridi ya Julai, na asubuhi za mwezi huo mpira huchelewa kuamka. Mambo mawili yanavutana: kimo kinauharakisha, baridi inauchelewesha. Mpira uliokufaa Februari alasiri huenda usikufae Julai alfajiri. Usione haya kuubadilisha kwa msimu, kama unavyobadilisha nguo.

Watoto na wazee je?

Mtoto aanze na mpira wa buluu, au hata wa sponji akiwa mdogo sana, na raketi inayolingana na mkono wake. Kwa mtu mzima asiyetaka kukimbilia mipira ya chini, upo mchezo wa jirani unaoitwa Skwoshi 57. Huchezwa kwenye uwanja uleule kwa raketi fupi zaidi na mpira wa milimita 57 unaodunda sana. Magoti yatashukuru.

Mpira unachakaa lini?

Raba mpya huwa na ngozi isiyong'aa. Ikishakuwa laini na kumetameta, mpira unateleza ukutani na kwenye raketi, na mdundo wake hautabiriki. Ukibadilika mlio ghafla na kuanza kwenda upande, ubonyeze kwenye kiungo: huenda umepasuka. Mpira uliopasuka hautengenezwi, unatupwa. Uliochafuka tu kwa vumbi na jasho, uoshe kwa maji na kuukausha.

Mpira mdogo hivi una hatari?

Udogo wenyewe ndio hatari. Mpira wa tenisi huzuiwa na mifupa inayolizunguka jicho, lakini wa skwoshi unaweza kuingia ndani ya shimo la jicho. Vaa miwani ya kinga ya michezo, iliyotengenezwa kwa plastiki ngumu ya polikaboneti, hata kama mpira ni wa buluu. Miwani ya kusomea haihesabiki, maana kioo chake kinaweza kuvunjika.

Nikicheza na aliyenizidi, tutumie mpira wa nani?

Wa yule wa chini. Mwenye uwezo mkubwa hatapoteza kitu, tena atapata kazi. Mpira wa nukta moja haufii kwenye kona kirahisi, kwa hiyo hawezi kummaliza mwenzake kwa pigo moja la ujanja. Itabidi ampeleke huku na huku mpaka nafasi ipatikane, na hayo ni mazoezi anayoyahitaji hata bingwa. Kwa hiyo weka mipira miwili ya aina tofauti kwenye begi, na kabla ya kuanza muulize mwenzako kama unavyomuuliza mgeni anywe chai au kahawa: "Leo tuchezee upi?"